Karantini na kufunga mipaka kunamaliza ugonjwa? Nilikaa siku 14 hotelini New Zealand

Mkuu umeuliza kama nchi inaweza kuumaliza ugonjwa kama korona kwa kufunga mipaka na karantini, au ni kuuchelewesha tu. Mi naishi New Zealand na 2020 nilipita humo mwenyewe, ngoja nikwambie nilichokiona.

Kwanza mpaka peke yake haukumaliza kitu. Walifungia wageni Machi 19 ila kirusi kilishaingia tangu Februari, ndo maana Machi 25 usiku wakatufungia na sisi tuliomo ndani, lokidauni kweli kweli, mwisho wako ni dukani na kuzunguka mtaani kwako. Ndani kulipokuwa safi ndo mpaka ukawa na faida, maana kesi yoyote mpya unajua ipekuliwe wapi. Juni 8 wakatangaza hakuna mgonjwa hata mmoja.

Mi nilisafiri Julai kwa ajili ya msiba nikarudi Septemba. Tumeshuka Auckland, hakuna cha kupokelewa na ndugu, tunapakiwa kwenye basi na tumeshaondoka ndo tunaambiwa tunapelekwa Rotorua, karibu masaa matatu. Mji ule unanuka mayai viza sababu ya chemchemi za moto, siku ya kwanza nikajua choo cha chumbani kwangu kimeziba. Getini wanajeshi, pua inachokonolewa siku ya 3 na ya 12, chakula kinawekwa nje ya mlango na unasubiri mletaji aondoke ndo ufungue. Gharama ilikuwa dola 3,100 za New Zealand kwa mtu mzima mmoja, mi sikulipa kwa vile niliondoka kabla ya Agosti 11 sheria ya malipo ilipoanza.

Sasa siku 14 zote za nini? Kirusi kinaweza kukaa mwilini siku kadhaa hujisikii chochote, na hiyo korona unaiambukiza hata kabla hujaanza kukohoa. Ile SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu wa kirusi ndugu na korona, ilikuwa inaambukiza zaidi mtu akishaumwa, kwa hiyo waliwatenga wagonjwa na waliokutana nao ikaisha bila chanjo. Hii kumpima mtu joto uwanja wa ndege ukamruhusu ni kujidanganya.

Na tundu huwa dogo mno. Juni kina mama wawili waliotoka Uingereza waliruhusiwa kutoka karantini mapema kwa sababu ya mzazi aliyekuwa mahututi, hawakupimwa, baadaye wakakutwa na kirusi, tangu hapo ikawa hutoki bila majibu ya kipimo. Agosti fundi wa hoteli moja ya karantini akaambukizwa, na kilichoshukiwa ni lifti, aliitumia dakika chache baada ya mgeni mwenye kirusi kilekile. Lifti tu!

Kwa hiyo kuumaliza inawezekana, wao waliweza zaidi ya mara moja, ila unashikilia mlango mpaka watu wachanjwe, maana dunia nzima ilikuwa bado inaumwa. Delta, aina ya korona inayoambukiza kwa kasi zaidi, ilipoingia Agosti 2021 ikawashinda, Oktoba 4 serikali ikakubali kwamba ile hali ya wagonjwa sifuri hairudi.

Kinachoniuma mi ni vyumba vya karantini. Vilikuwa vichache kuliko raia waliotaka kurudi kwao, mwishoni ikawa kama bahati nasibu mtandaoni. Jamaa yangu alijaribu mara tatu, mara ya mwisho akapangiwa namba elfu ishirini na kitu kwenye foleni. Mkewe alijifungua huku, yeye mtoto kamwona kwa simu.