Punda aliyefungwa peke yake: kwa mnaoanza kazi hii

Ukipewa punda aliyekaa miaka amefungwa nyuma ya nyumba, usianze na gari wala hatamu. Anza na ndoo ya maji, umwekee, ukae kitako mbali kidogo.

Wangu wa mwanzo nilimchukua upande wa Makunduchi. Mwenyewe kafariki, watoto wamehamia mjini, punda kabaki chini ya mkungu, jirani akikumbuka humtupia nyasi. Kwato zimerefuka hadi zimepinda juu. Kamba ya usumba imemla mguu mpaka nyama nyekundu inaonekana.

Kidonda kwanza, tabia baadaye. Mwite daktari wa mifugo, na umuulize habari ya chanjo ya pepopunda, maana punda na farasi ni wepesi kuyapata maradhi hayo. Kwato zisikatwe zote siku moja. Punguza, ngoja wiki 6 hadi 8, punguza tena. Chakula nacho kidogo kidogo, nyasi kavu. Mimi kwa huruma nilimpa pumba nusu ndoo, usiku kucha nikawa namtembeza anaumwa tumbo.

Sasa hofu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda aghlabu husimama kama gogo, watu wakasema mkaidi, fimbo ikaanza. Nyuma yake haoni, na mbele ya paji la uso haoni vizuri, basi mwendee ubavuni huku unamsemesha. Weka mkono begani. Akitulia hata kwa pumzi moja, ondoa mkono, rudi hatua. Ule mkono kuondoka ndio ujira wake, na ndio unaomfundisha. Ukiuondoa pale anapokurupuka, umemfundisha kukurupuka. Na ukiona masikio yamelala nyuma na mkia umebana, umeshachelewa. Kesho anzia mbali zaidi.

Siku ya nne nilijitia ujuzi, nikashika mguu wa nyuma. Teke la paja, wiki nzima nikawa naswali nimekaa. Wazee walicheka: fadhila ya punda hiyo! Lakini nilikuwa bado sijamfadhili kitu, nilimtisha tu.

Kilichomgeuza hasa ni punda jike mzee wa kubeba mchanga, niliyemwazima. Siku za mwanzo niliwatenga kwa ua wa miti, wanusane tu. (Wako akiwa dume asiyehasiwa, ua huo usiutoe kabla ya kusema na daktari.) Yule bibi akipita kando ya daladala hatikisi hata sikio, na wangu nyuma yake. Kwa wiki moja alijifunza mengi kwake kuliko mwezi mzima kwangu. Ila wakishazoeana usiwatenganishe ghafla. Punda aliyenyang'anywa mwenziwe huweza kuacha kula, na punda asiyekula, mafuta humjaa kwenye damu, akafa huku unadhani kanuna.

Gari nilimfunga mwezi wa sita tangu nimchukue, tupu, bibi akiwa mbele. Kufika kwenye mwembe, akasimama. Jirani akapiga kelele, "Mpige huyo!" Nikamwambia anatazama mfuko wa plastiki ulionasa kwenye kichaka. Tukangoja wote watatu, mimi, yeye na bibi. Upepo ukauchukua ule mfuko. Akashusha pumzi, akaenda.