Ndege nimeiunda mwenyewe, nani airushe mara ya kwanza?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Mafinga. Kwa miaka sita nimekuwa nikiunda ndege ndogo ya viti viwili, ya gurudumu la mkia, kwa vifaa nilivyoagiza nje. Injini ni Rotax 912 ya nguvu za farasi 80. Nina leseni ya rubani binafsi, niliyoipata kwenye Cessna 172, ila sijarusha muda mrefu. Shemeji yangu ni rubani wa ATR, ndege ya abiria ya injini mbili, naye anasema ataijaribu yeye. Mimi naona aliyeiunda ndiye anayeijua. Tunataka kuipeleka Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa. Nani airushe, na je, naweza kukaa naye kiti cha pili?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa uvumilivu. Kwa hali mliyo nayo leo, si wewe wala shemeji yako.

Nianze na wewe. Unajua kila riveti ilipo, sawa, lakini injini ikizima ukiwa futi 200 juu ya uwanja, kinachotakiwa ni kushusha pua papo hapo, na mikono isiyorusha muda mrefu huchelewa. Halafu kuna uchungu wa mali. Ndege ya miaka sita ya jasho lako utataka kuiokoa, kwa hiyo utajaribu kugeuza urudi uwanjani. Kugeuza chini chini na mwendo mdogo ndiko kunakoua: bawa linaacha kubeba, ndege inajizungusha na kudondoka. Asiye na uchungu nayo ataishusha mbele yake kwenye shamba la mahindi. Mabawa yatavunjika, lakini yeye ana nafasi nzuri ya kutoka akitembea.

Shemeji yako namheshimu, na nidhamu ya marubani wa mashirika ningependa kila mtu awe nayo. Lakini amezoea injini mbili, rubani mwenzake pembeni, na macho yaliyo juu sana ya lami wakati wa kutua. Kwenye ndege yako atakuwa amekaa karibu aguse ardhi. Anaweza kuinua pua mapema, mwendo uishe angali juu, ndege ijibwage. Na gurudumu la mkia halisamehe miguu iliyolala: ukiacha kucheza na pedali, mkia unataka kutangulia mbele.

Akienda kwa mwalimu mwenye ndege nyepesi ya gurudumu la mkia akafanya saa za kutosha, nitamweka wa kwanza. Kipimo changu kwa yeyote ni hiki: ndani ya siku 90 zilizopita amerusha ndege ya aina hiyo? Amefanya mazoezi ya kutua bila nguvu ya injini? Na anaweza kusema “leo sirushi” mbele ya wakwe zake? Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote. Mafinga habari inakimbia; siku hiyo mchungaji atakuja kuombea na pilau itakuwa jikoni. Usialike mtu.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa mwaka 2012 ripoti kuhusu ndege za kujiundia. Yaliyoongoza katika ajali hizo ni injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuidhibiti ndege, na ajali nyingi zilitokea ndege ikiwa bado mpya. La injini ni kazi yako wewe. Weka ndege katika mkao wa kupaa, pua juu, fungua bomba la mafuta kwenye kabureta, uyapime yanayotoka. Kama yanasukumwa na pampu, yafike asilimia 125 ya yale injini inayokunywa wakati wa kupaa. Kama yanashuka yenyewe, asilimia 150.

Kisha mkalishe rubani ndani, macho amefumba, ataje na kushika koki ya mafuta, swichi na kila kishikio mpaka asikosee. John Denver, mwanamuziki wa Marekani, alikufa Oktoba 1997 kwenye ndege ya kujiundia aliyoinunua kwa mtu. Koki ya mafuta ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, ambapo michoro ya ndege haikuiweka.

Kuhusu Nduli, uwanja uko karibu futi 4,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 7,200, na farasi wako 80 watabaki 64 hivi. Asubuhi ya nyuzi 12 ni kama futi 5,500. Kwa hiyo rusheni mapema, ukungu ukishaondoka na upepo haujaamka, tenki likiwa na mafuta ya kutosha safari fupi na akiba, si zaidi.

Najua utasema basi utaikimbiza tu uwanjani bila kupaa. Kwa mwendo wa kasi ndege nyepesi huweza kunyanyuka bila kuombwa. Anayeikimbiza awe yule yule aliye tayari kuirusha.

Kiti cha pili, hapana. Uzito wako unaila nguvu ile ile iliyopungua, na huna kazi ya kufanya mle ndani. Kaa chini na redio, uandike namba anazokusomea: joto la mafuta ya injini, shinikizo, mwendo wa kupanda.

Haya yote yanasubiri TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Bila usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, na kibali cha kuruka kwa majaribio, hata shemeji awe kapteni wa miaka ishirini, ndege hiyo haitakiwi kupaa. Waone sasa, kabla hujafunga mabawa, kwa sababu mkaguzi atataka kuona ndani.

Zamu yako itakuja. Marekani, ndege kama hizi kwa kawaida humaliza saa 40 za majaribio kabla ya kubeba abiria, au 25 zikiwa na injini na propela zenye cheti. Wakati mwenzako anazihesabu, wewe tafuta mwalimu wa gurudumu la mkia.