Jibu: Ving'ora vya rivasi vimezoeleka yadini

Ndugu, umeuliza kama kuongeza sauti ya ving'ora vya rivasi (vile vinavyolia mashine ikirudi nyuma) kutawashtua vijana wako hapo yadi ya makontena ya Embakasi, maana siku hizi hata hawageuki. Usiongeze. Mashine nne zikirudi nyuma kwa pamoja, ile pii-pii inagonga kuta za makontena mpaka hujui inatoka wapi. Yadi moja niliyofanya kazi (sitaitaja), dereva alikiziba king'ora chake kwa soksi kuukuu. Kelele zilimchosha, na sikumlaumu sana.

Tafuta ving'ora vya mvumo, vinavyolia "shhh-shhh". Sikio hutambua upesi upande inakotoka sauti hiyo, na majirani hawasumbuki sana. Kisha funga taa ya buluu inayopiga doa chini, mita chache nyuma ya mashine: mtu akitokea kwenye kona ya makontena, analiona doa kabla mashine haijamfikia. Jua la saa saba hulififisha, kwa hiyo ile taa ya chungwa inayomweka juu ya kebini ibaki.

Halafu kanuni za kelele za Kenya za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Ukiongeza sauti unaweza kukivuka, na ukivisha watu vizibo vya masikio kwa ajili ya kelele hizo, king'ora nacho hawatakisikia vizuri.