Wasomaji Wanauliza: Mifupa Hii ni ya Mwanamume au ya Mwanamke?

SWALI: Shikamooni. Mafundi wamekuta mifupa ya mtu wakichimba msingi. Fuvu ni kubwa, na wazee wanasema ni la mwanamume. Ukubwa huo unatosha kuamua? — *Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Marahaba. Hautoshi. Kazi isimame kwanza, mwenyekiti wa mtaa na polisi wajulishwe, na mifupa ibaki ilipo hata kama inaonekana ya zamani. Hasara kubwa hutokea saa ile ya mwanzo: watu huharakisha kulitoa fuvu kwa sababu wanalitambua, na sururu inavunja nyonga, ambayo ndiyo yenye jibu. Nyonga ya mwanamke imeumbwa kwa ajili ya kupitisha mtoto, kwa hiyo tofauti zake ni za umbo. Tofauti za fuvu ni za unene na ukubwa tu, na hapo wanaume wadogo na wanawake wakubwa wanaingiliana.

Kwenu Rungwe kuna tatizo jingine. Mvua ni nyingi na udongo una asidi, hivyo mifupa huliwa haraka, na mfupa wa kinena, yaani sehemu ya mbele ya nyonga, ulio mwembamba, hutangulia kuharibika. Wachunguzi wakifika, udongo wote wa eneo la nyonga uchekechwe kwa wavu wenye matundu ya milimita 5 au 6. Kipande kidogo cha kinena kina thamani kuliko fuvu zima.

SWALI: Katika mazoezi yetu nyonga imeonyesha mwanamke, fuvu likaonyesha mwanamume. Nifuate lipi? — *Mwanafunzi, Mbeya mjini*

JIBU: Fuata nyonga, ila uwe umeisoma sawasawa. Njia aliyoichapisha mtaalamu wa mifupa Phenice mwaka 1969 hutazama sehemu tatu za mfupa wa kinena.

Kwanza shika mfupa uso wake wa mbele ukielekea kwako. Kwa mwanamke utaona mstari ulioinuka kidogo, unaoshuka kwa kupinda na kuacha pembetatu ndogo ya mfupa kwenye kona ya chini, upande wa ndani. Kwa mwanamume, mstari ukiwepo, hufuata ukingo wa ungio la kinena (pale mifupa miwili ya kinena inapokutana) bila kuikata kona hiyo. Mwanga utoke ubavuni. Taa ikiwa juu ya kichwa, mstari hauonekani. Kisha geuza mfupa uutazame kwa nyuma. Chini tu ya ungio, ukingo wa tawi linaloshuka hubonyea kwa ndani kwa mwanamke, na kwa mwanamume hunyooka au huvimba kidogo. Mwisho, elekeza ukingo huohuo usoni kwako: wa mwanamke una mgongo mwembamba, wa mwanamume ni bapa na mpana. Alama hii ya tatu ndiyo dhaifu, kwa hiyo isizishinde mbili za kwanza.

Phenice aliripoti usahihi wa asilimia 96, lakini alipima mifupa ya mkusanyiko wa Marekani iliyohifadhiwa vizuri. Kwa kipande kilicholika, usitarajie kiasi hicho. Kwa msichana ambaye hajamaliza kukua, mstari wa mbele unaweza kuwa haujajitokeza kabisa.

Fuvu hupewa alama 1 hadi 5 katika sehemu tano: kisogo, kinundu cha nyuma ya sikio, ukingo wa juu wa tundu la jicho, mwinuko kati ya nyusi, na kidevu. Moja ni laini, tano ni nene. Umri ndio unaopotosha hapa: kijana wa kiume wa miaka 18 anaweza kuwa na fuvu laini, na mwanamke mzee likawa limekomaa na kunenepa. Kadiria umri kwanza. Alama za fuvu ziandike kabla hujaiona nyonga, la sivyo jicho litatafuta kile ulichokwisha kuamua. Na katika ripoti, “huenda ni mwanamke” na “haijulikani” ni majibu kamili. Kulazimisha jibu kunaweza kuwafanya polisi waache kumtafuta mtu ambaye ndiye marehemu.

SWALI: Je, nyonga inaonyesha marehemu alizaa watoto wangapi? — *Msomaji, Njombe*

JIBU: Hapana. Vishimo vinavyoonekana nyuma ya kinena hupatikana pia kwa wanawake ambao hawajazaa. Havihesabu watoto.

SWALI: Kichwa cha mfupa wa paja kimepima milimita 43. Kitabu kinasema ni mwanamke. — *Msomaji, Mafinga*

JIBU: Viwango vinavyonukuliwa sana, chini ya 42.5 mwanamke na zaidi ya 47.5 mwanamume, vilitokana na Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Hata humo, 43 ni “huenda” tu. Katika jamii yenye watu wa maumbo madogo, wanaume wengi wataangukia upande wa wanawake. Pima kipenyo kikubwa kabisa kwa kalipa, mara mbili, na ukinukuu kiwango taja kimetoka kwa watu gani.

SWALI: Fuvu la Chifu Mkwawa lilitambuliwa kwa vipimo. Vipimo hivyo vinaonyesha pia mwanamume au mwanamke? — *Msomaji, Kalenga*

JIBU: Twining, gavana wa Tanganyika wakati wa ukoloni, alipolitafuta kule Bremen, Ujerumani, kabla halijarejeshwa mwaka 1954, alitumia uwiano wa upana na urefu wa fuvu akiulinganisha na wa ndugu wa Mkwawa. Uwiano huo hautenganishi wanaume na wanawake.

SWALI: Na mifupa ya mtoto? — *Msomaji, Iringa*

JIBU: Kabla ya balehe umbo la mifupa haliaminiki kwa kazi hii. Vinasaba ndiyo njia, kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya polisi. Sampuli nzuri ni jino la gego lisilooza au mfupa mgumu wa sikio la ndani. Usichemshe wala usiloweke kwenye dawa ya madoa, kwa sababu vinasaba huharibika. Kausha kivulini, vaa glavu, weka kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki, hasa msimu wa mvua, ukungu utaota.