Maswali ya joistiki: pimeni chini kabla hamjapamba juu

Haya, maswali ya kufunga joistiki kwenye paneli za kujitengenezea za kuchezea gemu za arcade yamerundikana, najibu haya, mengine yanafanana tu.

"Kaka, nimefunga Sanwa JLF chini ya MDF ya mm 18, mpini umechomoza kidogo sana, ule mpira wa kichwani mwake unakaribia kugusa bodi. Ninunue mpini mrefu?"

Usinunue kwanza. JLF ni joistiki ya Kijapani, imetengenezwa kwa ajili ya mashine za Kijapani ambazo paneli zake ni bati, we umeiwekea ubao mnene juu yake, lazima izame. Geuza bodi, chora umbo la ile pleti ya chuma ya joistiki, halafu chonga shimo upande wa chini, kwa ruta ya seremala au hata patasi kama una subira, mpaka bodi ibaki kama mm 6 hadi 8 pale kwenye joistiki tu, pengine pote iache na unene wake. Tundu la mpini mm 24 linatosha, lile duara jeusi la plastiki litalifunika. Vya kurefushia mpini vipo lakini mpini ukirefuka na mkono unasafiri mbali zaidi, kwenye gemu za ngumi utaisikia. Kama huna cha kuchongea kabisa, tafuta joistiki za Kimarekani aina ya Happ Competition, zile mpini wake ni mrefu, zimezoea mbao nene.

"Skrubu za mbao si zinatosha?"

Hazitoshi! Kila wiki naulizwa hili na kila wiki jibu ni lilelile. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshikwa na gundi, joistiki inavutwa na kutikiswa mchezo mzima, meno ya skrubu yanakula tundu taratibu na siku moja mpini unabaki unacheza mkononi. Na kama umeshachonga hadi mm 6, skrubu itashika nini? Tumia boliti za M4 zenye kichwa bapa, zipite toka juu mpaka chini, weka washa na nati zile zenye plastiki ndani zisilegee. Zamisha vichwa vilingane na bodi ndo ubandike stika. Naona watu wanaanza na stika, inapendeza kweli, wanapiga picha, kesho yake wanaitoboa kutafuta pa kupitisha boliti. Stika ni ya mwisho jamani.

"Fundi, nimeunga waya wa juu kwenye swichi ya juu, wa chini kwenye swichi ya chini, sasa nikisukuma juu mtu anashuka, kulia anaenda kushoto. Enkoda imekufa?"

Enkoda, kile kibao kinachopeleka ishara za swichi kwenye gemu, ni nzima. Mpini umeshikiliwa katikati, ukiusukuma juu kitako chake huku chini kinaenda upande wa pili, kwa hiyo swichi inayobonyezwa ni ile ya chini. Badilisha waya za pande zinazotazamana, basi. Na yule aliyeuliza kwanini mtu wake anatembea bila kuguswa, we umeunga mguu wa swichi wa NC, ambao umeungana hata usipobonyeza, hamishia NO, unaoungana ukibonyeza tu, graundi iko COM, mguu wa pamoja.

"Joistiki gani ni bora?"

Ya gemu gani? Ukiuliza tena anza na hapo.

"Street Fighter II iko vizuri ila Pac-Man inanishinda, nikikata kona anagoma."

Pac-Man ya 1980 na Donkey Kong ya 1981 zilitoka na joistiki za njia nne, we unachezea ya njia nane, kidole kikipinda kidogo inasoma mshazari. Kwenye JLF fungua ile geti ya plastiki chini, inayozuia mpini usiende kokote, uizungushe, inakuwa ya njia nne. Ila uifikie sasa! Watu mnapigilia paneli misumari kama hamtaifungua tena maisha. Weka bawaba, swichi zinakufa, waya zinachomoka, na geti utaigeuza mara nyingi tu. Q*bert ya 1982 nayo ina yake, pale joistiki nzima imefungwa kwa mshazari, nyuzi 45, kwa hiyo ukiipenda sana itengee paneli yake.

"Nikitoboa, juu kunang'oka vipande."

Bana kipande cha ubao chakavu chini, tumia kile kikombe cha kukatia tundu la kitasa, drili iende polepole, keekee ya katikati ikitokeza upande wa pili geuza bodi umalizie huko. Na kabla hujanunua hicho kikombe pima batani zako, za Kijapani ni mm 30, za Kimarekani mm 28 hivi, tundu likishakuwa kubwa halirudi. Zile za kubana kwa masikio hazishiki kwenye bodi ya mm 18, chukua za nati.