Kurudi kwenye yoga baada ya kuumia bega

Pole sana dada. Umesema kano za bega zilichanika kidogo, maumivu yamepungua, ila mkono ukiuinua juu bado unavuta. Basi usianze na pozi la mbwa anayeinama, lile la viganja na nyayo sakafuni, makalio juu. Pale bega linabeba uzito huku mkono uko juu ya kichwa, na kano bado hazijawa tayari.

Anza ukutani: simama, weka viganja usawa wa kifua, sukuma taratibu. Siku kadhaa zikipita salama, hamia kwenye meza imara, kisha magoti na mikono sakafuni. Chaturanga (kujishusha karibu na sakafu kama push-up) na kufunga mikono nyuma ya mgongo viache mwisho kabisa, hata kama darasa zima linafanya. Mazoezi ya miguu, nyonga na pumzi endelea nayo.

Kipimo ninachokiamini ni usiku: bega likikuamsha au kuuma kuliko jana, rudi hatua moja. Mwalimu naye mwambie mapema asikuvute mkono. Wengine hurekebisha pozi bila kuuliza.

Ila mkono ukishindwa kuinuka, ukifa ganzi, au kama bega liliwahi kuteguka, muone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, kabla hata ya huo ukuta.