Viua vya kofia vinanitoa jasho

SWALI: Shikamoo bibi. Namdarizia mume wangu kofia ya viua, vile vitundu vya urembo vinavyozungushiwa uzi, lakini matundu yanatoka marefu kama jicho la paka na kitambaa kinakunjamana. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nahisi unakata kwa mkasi. Uweke chini! Toboa kwa sindano nene, usukume nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata. Piga kwanza bandi ndogondogo, yaani mishono ya kupitisha sindano juu na chini, kulizunguka tundu, ndipo uzungushie uzi ukingoni, mishono ibanane. Vuta mpaka uzi ulale tu. Ukikaza, ndiyo hiyo mikunjo. Kiua changu cha kwanza nilikifumua mara nne, uzi mweupe ukawa rangi ya chai. Na zungusha kitambaa, si mkono. Mumeo asubiri, Idi bado.